Blowa ndogo ya umeme ya kukaushia gari: vile nimeiona hapa Kampala

Niseme mapema kabla sijaenda mbali, kama una gari na unaiosha mwenyewe nyumbani, hizi blowa ndogo za umeme za wati 600, zile ambazo mafundi wa kompyuta na wa jenereta wanatumia kupulizia vumbi, zinafaa sana kukaushia gari, na kwa pesa yake sijaona kitu kingine kinachoishinda. Haimalizi kazi yote yenyewe, taulo bado unaihitaji, lakini kuna maji ambayo taulo haiwezi kuyafikia hata ukisugua mpaka jioni, na hayo ndiyo blowa inayatoa kwa sekunde chache tu. Naona watu wanainunua wakitegemea kitu tofauti na hicho alafu wanaitupa store, ndio maana naandika.

Mimi kazi yangu ni spesho haya, yani teksi ya kukodiwa, gari yangu ni Toyota Premio nyeusi, na mwenye gari nyeusi Kampala hahitaji kuambiwa shida yake. Mteja wa kwenda Entebe kupanda ndege anakuja na shati nyeupe, anashika kitasa cha mlango, maji yaliyojificha nyuma ya kitasa yanamwagika kwa mkono wa shati na yameshachanganyika na vumbi. Au umemaliza kupangusa, gari inang'aa, unatoka tu geti unafika kwenye lami maji yanaanza kushuka kutoka kwa saidi mira, kile kioo cha pembeni, yanachora mstari kwa mlango mpaka chini, na vumbi la barabarani linakaa hapo hapo kwenye huo mstari. Ukifika kwa mteja gari inaonekana kama haijaoshwa tangu juzi. Hii ya saidi mira ndiyo iliyonifanya nitafute blowa, sio kitu kingine.

Yangu niliichukua Nabugabo Road, kwenye hizo duka za vifaa vya ujenzi na mashine za mkono. Sikuchukua jina kubwa. Ni ya Kichina, ina triga ya kuongeza na kupunguza kasi, mdomo wa plastiki unaochomoka, na mfuko wa kukusanya vumbi ukitaka kuigeuza inyonye badala ya kupuliza, mfuko ambao mimi sijawahi kuutumia. Bei ilikuwa laki moja na kitu baada ya kubishana, na ukitembea duka tatu nne utaona kila mtu anaanza na bei yake kwa hiyo usilipe ya kwanza. Rafiki yangu mwenye gereji ana Makita UB1103 ambayo pia ni wati 600, inazunguka mpaka mara 16,000 kwa dakika na kitabu chake kinasema inatoa hewa mita za ujazo 4.1 kwa dakika. Nimeitumia ile yake pia na ni nzuri mkononi, imetulia, triga yake ni laini na unaiendesha unavyotaka. Ukiwa na pesa chukua ile. Kwa gari moja ya nyumbani hii ya bei ya chini pia inatosha.

Sasa watu wananiuliza, kwa nini usipanguse tu kama kila mtu? Hapa nataka tuelewane kwa sababu ni jambo linaloniuma kila nikipita kwenye woshingi bei, pale magari yanapooshwa kwa kulipia. Vijana wetu wanaosha vizuri, povu wanaweka, mashine ya maji wanayo ya nguvu, lakini ikifika kukausha anachukua kipande cha tisheti ya mitumba kutoka soko la Owino, kile kile alichopangusia rimu ya gari iliyotangulia, anakikamua, anapiga boneti yako kwa mzunguko. Kwenye kile kitambaa kuna mshono, kuna mchanga, na mchanga wa marami yetu, ule udongo wa changarawe wa barabarani, ni mgumu kuliko klia ya gari, lile tabaka angavu lililo juu ya rangi. Na hiyo klia ya juu kwa gari nyingi za kiwandani unene wake ni kama maikroni 35 mpaka 50 hivi, yani unywele wa mtu wenyewe ni mnene kuliko hapo, unywele ni kama 70. Kila wiki mtu anakwaruza kidogo. Miaka miwili gari nyeusi ukiiweka kwenye jua au chini ya taa ya petroli stesheni usiku unaona mikwaruzo ya duara imejaa boneti nzima kama utando wa buibui, na mwenye gari analaumu rangi ya Japani. Rangi haina kosa. Ni tambara.

Hewa haikwaruzi. Hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote, kila tone ambalo hewa imelisukuma ni tone ambalo hukulipangusa, kwa hiyo unapunguza mara ambazo kitambaa kinagusa rangi. Haziishi kabisa lakini zinapungua sana, na kwa kitambaa hicho kidogo kinachobaki tumia maikrofaiba safi, usisugue, unailaza unaivuta au unaigusisha tu.

Alafu kuna suala la madoa ya maji. Maji yakikauka yenyewe kwa jua yanaondoka lakini chumvi zilizokuwa ndani yake, kalsiamu na magnesiamu hasa, hazina pa kwenda, zinabaki juu ya rangi kama vidoa vyeupe vya duara. Na sisi tuko hapa kwenye ikweta, saa tano asubuhi boneti nyeusi ina moto huwezi kuweka kiganja, tone linakauka kabla hujazunguka upande wa pili. Doa likikaa siku nyingi na jua linazidi kulipika linaanza kula klia na hapo shampuu haiwezi kulitoa tena, ni polishi. Wa mjini wanaotumia maji ya bomba ya National Water wana nafuu kwa sababu yale yanatoka Ziwa Victoria, yanasafishwa Ggaba na Katosi, na maji ya ziwa lile hayana chumvi nyingi. Lakini wengi wetu huku pembeni tunaosha na maji ya kisima, na maji ya kisima cha kuchimba mara nyingi yana chumvichumvi nyingi na mengine yana chuma kabisa, unaona kwenye jerikeni yanaacha rangi ya kutu. Ukiosha gari na hayo ni lazima uyatoe mapema, usiyaache yakauke. Blowa inayatoa yakiwa bado maji, yanaondoka na chumvi zake zote. Watu wengi wanadhani ni ule upepo wa joto ndio unafanya kazi, hapana, hata upepo ukiwa wa baridi kabisa kazi ni ile ile kwa sababu inasukuma maji, haiyapiki.

Na hapo ndipo inakuja siri ambayo wauzaji hawakuambii: blowa inategemea sana kama gari ina waksi. Rangi yenye waksi au silanti, ile dawa ya kulinda rangi, maji yanajikusanya matone matone ya duara, ukipuliza yanakimbia. Rangi kavu ambayo haijapata waksi tangu ishuke meli Mombasa, maji yanalala juu yake kama karatasi, unapuliza yanatawanyika yanabaki ukungu mwembamba pale pale, na blowa ndogo ya wati 600 haiwezi kuushinda huo ukungu hata ukae hapo dakika kumi. Kwa hiyo mtu akiniambia blowa yake haikaushi namuuliza kwanza mara ya mwisho gari ilipakwa waksi lini. Kopo moja la waksi ya kawaida ya kupaka kwa mkono linakaa miezi mingi kwa gari moja na litakusaidia kuliko kununua blowa kubwa zaidi.

Vile naifanya mimi. Naosha asubuhi mapema au jioni jua likishapoa, kwenye kivuli kama kipo. Baada ya kusuuza na presha, mwishoni naondoa ile bunduki ya presha na kuacha maji ya mpira yamwagike polepole bila nguvu kuanzia paa, kwa sababu maji yakishuka kwa pamoja yanavutana yanashuka na wenzake, yanaacha matone machache sana nyuma. Hii haina gharama yoyote na inapunguza kazi karibu nusu kwa gari yenye waksi, ijaribuni hata kama hamna blowa. Alafu ndio nawasha. Naanza juu, paa kwanza, nikisukuma maji kuelekea upande mmoja, mdomo wa blowa nauweka mbali kidogo na rangi kama kiganja hivi na kwa kulalia, sio kuuelekeza wima, ukielekeza wima maji yanaruka kila upande yanakurudia usoni. Kisha vioo, pale chini ya kioo cha mbele penye vaipa panaficha maji mengi sana pamoja na majani, puliza mpaka yaishe. Boneti, grili, nembo, taa za mbele kuzunguka kingo zake.

Saidi mira naipa muda wake. Unaingiza hewa kwenye ule mwanya kati ya kioo na plastiki, unaikunja mira, unapuliza kwenye goti lake, unaikunjua, unapuliza tena. Utashangaa maji yanayotoka mle. Vitasa vya milango juu na chini. Kifuniko cha tangi la mafuta fungua. Raba za madirisha kwa nje, ile ya chini inayokumbatia kioo, pitisha hewa polepole kutoka mbele kwenda nyuma. Fungua milango upulize kingo na bawaba, fungua buti upulize ule mfereji wake maana buti ukiifungua tu maji yote ya mfereji yanaingia kwenye mizigo ya mteja. Namba pleti ya nyuma, taa za nyuma, taa ya breki ya juu. Wenye Noah na Voxy msisahau reli ya mlango wa kuteleza, pale maji na mchanga vinakaa pamoja na ndio mwanzo wa mlango kugoma. Mwisho kabisa ni rimu, nati za tairi zile zilizozama ndani ya mashimo, na kwa sababu ni mwisho uchafu wa breki ukiruka unarukia chini, haurudi kwenye rangi uliyoimaliza.

Baada ya hapo kinachobaki ni matone madogo kwenye paa, boneti na milango, na hayo napitisha taulo moja ya maikrofaiba nimemaliza. Taulo inabaki karibu kavu. Zamani nilikuwa nakamua taulo mara nyingi na bado mira inalia njiani.

Kwa injini pia ni dhahabu. Ukiosha injini, ambayo mimi nashauri uifanye mara chache na kwa maji kidogo, maji yanaingia kwenye mashimo ya spaki plagi na kwenye soketi za waya za koili na hapo ndio unawasha gari inatetemeka, injini inakosa silinda moja, watu wanakimbilia fundi anawauzia koili. Pulizia sehemu zile kabla hujawasha, na injini iwe imepoa.

Haya, sasa ubaya wake, na upo.

Kelele. Ni kali, ya juu, inapenya. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani, wale wa NIOSH, wanasema desibeli 85 mtu asikae nazo zaidi ya saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu, na hizi mashine ndogo ukiishika karibu na sikio uko hapo au juu ya hapo kwa urahisi. Kwa gari moja la dakika kumi sio hatari kubwa lakini kijana wa woshingi bei anayefanya gari ishirini kwa siku avae vya kuziba masikio, tafadhali bosi mnunulie. Na majirani nao ni watu, saa kumi na mbili asubuhi Jumapili mtaa mzima umelala, usiwashe.

Vumbi. Hii watu wa nchi za lami tupu hawaielewi. Ukiosha kwenye kompaundi ya udongo na ukaelekeza hewa chini kidogo tu, unarusha udongo kwenye gari mbichi, na umeharibu kila kitu. Nyumbani kwangu kuna sehemu ya peiva na hata hapo namwagia maji chini kwanza. Kama kwako ni marami mtupu, mwagia maji eneo lote linalozunguka gari, na sehemu za chini za milango usizipulize, pangusa tu. Pia angalia pale blowa inapovutia hewa, isiwe karibu na chini, kwa sababu inachovuta ndicho inachotoa, na kama uliitumia kunyonya vumbi jana basi ipulize hewani mbali na gari kwanza mpaka itoe takataka zote.

Waya. Zinakuja na waya mfupi, haufiki hata upande wa pili wa gari, kwa hiyo unahitaji ekstensheni, na hapo nataka tuwe makini kabisa kwa sababu ni umeme wa volti 240 na wewe umesimama kwenye maji. Ekstensheni itandike upande ambao maji hayatiririki, pale inapounganika na waya wa blowa painue juu ya kiti au ining'inie, vaa gambuti au hata sandali za raba, mikono ikauke kwanza, na kama nyumba yako haina ile breka ya kukata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, muite fundi umeme aiweke, sio kwa ajili ya blowa tu. Usiielekeze blowa ikavuta maji. Mvua ikianza zima. Na watoto wasiwe karibu.

Umeme wenyewe hauli sana. Wati 600 kwa dakika kumi ni sehemu ya kumi ya yuniti, na yuniti ya nyumbani haifiki elfu moja, kwa hiyo gari moja haimalizi hata shilingi mia ya Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla. Shida ni pale umeme usipokuwepo. Umeme wa Kampala umehama kutoka kampuni ya Umeme kwenda kampuni ya serikali ya UEDCL tangu Aprili 2025, lakini siku ukikatika umekatika tu na unarudi kwenye taulo.

Ndio maana wengi wanakimbilia za betri, na hapa nina maneno. Zile halisi za kampuni zinazojulikana, za volti 18 na betri kubwa, ni nzuri na hazina hatari ya waya, kama una mashine nyingine za kampuni hiyo hiyo na betri tayari unazo basi nunua blowa yake tupu bila betri utafurahi. Lakini fanya hesabu, betri ya volti 18 na ampia-saa 5 ni wati-saa 90, blowa ikivuta wati 400 hiyo betri imeisha kabla ya robo saa. Gari moja, labda. Alafu zile za mitaani zimeandikwa 48V na 88V na namba za kutisha, ndani ukizifungua ni seli tano za lithiamu zimeunganishwa, kila moja volti 3.6, jumla 18, zikijaa kabisa 21. Seli tano hazitoi 48 hata uziombe vipi. Nimezishika kadhaa dukani, upepo wake mwanzoni unaridhisha alafu unalegea haraka, na betri zenyewe ampia-saa zilizoandikwa sio zilizomo. Kwa pesa ile ile chukua ya waya.

Kompresa ya kujaza upepo tairi, watu wanaitumia sana kwa sababu ipo. Inafanya kazi kwa mianya midogo, kwa mira na nati iko vizuri, lakini hewa yake ni nyembamba na ya presha kubwa, baa 8 ni kama psi 116, na tangi lisipomwagwa maji kila siku inakutemea maji ya kutu pamoja na oili kwenye rangi uliyoosha sasa hivi. Na acheni ule mchezo wa vijana kupulizana nayo mwilini, hewa ya presha ile ikipita kwenye ngozi au sikio inaweza kuua au kumwacha mtu kiziwi. Blowa haina presha ya namna hiyo, ina hewa nyingi yenye kasi ya wastani, na kwa gari zima hewa nyingi ndiyo unayoitaka.

Za petroli, zile za kubeba mgongoni za kupulizia majani, zina nguvu sana na kwa woshingi bei iliyo mbali na umeme zinaweza kufaa, ila nyingi ni za tuu-stroki unachanganya oili, moshi, uzito, na kelele kuliko zote. Kwa nyumbani hapana.

Alafu kuna ndugu zetu wa nje. Kila nikizungumza haya kuna mtu ana kaka au dada kule Waltham, Massachusetts, anataka atumiwe mashine zile maalum za kukaushia gari, za MetroVac kama Master Blaster yenye mota mbili na hewa iliyochujwa na yenye uvuguvugu. Ni mashine nzuri kwelikweli, zimetengenezwa kwa kazi hiyo, bomba refu, zinasukuma maji hata kwenye gari kubwa. Lakini zinazouzwa madukani Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka hapa kwenye 240 mota inaungua dakika hiyo hiyo, na transfoma ya kuishusha kwa mashine inayokula umeme mwingi hivyo ni nzito na bei yake inauma. Mwambie atafute toleo la volti 220 hadi 240, lipo, au omba ndugu wa Uingereza, kule umeme ni 230 na plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba tunayotumia. Blowa za bustani za EGO za betri ya volti 56 nazo wanazipenda sana kwa kazi hii, moja inatoa futi za ujazo 650 kwa dakika, hiyo ni kama mita za ujazo 18, zaidi ya mara nne ya Makita ndogo, na betri unaichaji popote mradi chaja iwe ya volti zetu, hilo ndilo la kuangalia. Ukikausha Land Cruiser tano kwa siku, nguvu hiyo ina maana. Kwa Vitz na Premio ni kubwa mno.

Wenye woshingi bei nawaomba hasa, maana nyinyi ndio mnaosha gari nyingi za mji huu. Blowa moja ya laki na kitu, ekstensheni nzuri, taulo kumi za maikrofaiba zenye rangi tofauti, nyekundu za rimu, bluu za rangi, basi. Nimeona woshingi bei moja kule upande wa Ntinda imefanya hivyo, kijana anapuliza mwenzake anapangusa nyuma yake, gari inatoka mapema kuliko walipokuwa wanapangusa wote wawili, na foleni inasogea. Wateja wanarudi kwa sababu mira hailii njiani. Mnaolipwa kwa gari mtaona hesabu wenyewe.

Ukienda kununua, usikubali kuuziwa boksi lililofungwa. Mwambie aichomeke hapo hapo, iwashe kwa kasi yote dakika moja nzima, nusa kama kuna harufu ya kuungua, weka kiganja kama hatua moja mbali na mdomo wake usikie kama hewa inafika, bonyeza triga nusu uone kama kasi kweli inashuka au ni kuwaka na kuzima tu. Muulize kama kaboni zake zinapatikana, maana mota hizi zina kaboni, vipande vidogo vinavyopitisha umeme ndani ya mota, ambavyo vinaisha, na kaboni ikiisha watu wanadhani mashine imekufa, kumbe ni kitu cha bei ndogo fundi anabadilisha kwa dakika tano. Angalia kama kuna kaboni za ziada ndani ya boksi, za kwangu zilikuwemo, nimezihifadhi kwenye dashibodi.

Mimi naipa nne kwa tano. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya kelele na waya.